Jikoni Ziwani: Mafuta ya Taa Yametoka, Kilichoingia ni Nini?

Mpwani akisikia Ziwani, huenda fikira zikamwendea Ziwani ya Unguja, kwenye makao makuu ya polisi. Ziwani tunayoizungumzia hapa iko Nairobi, upande wa Eastlands, jirani na soko la Kariokor, shule ya Starehe, Gikomba na Pumwani. Ni mmoja wa mitaa iliyojengwa na baraza la mji zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, nyumba za chini zenye vyumba vidogo. Wengi wetu tuna jamaa upande huo, kwa sababu Pumwani ndiyo Majengo ya Waswahili wa Nairobi tangu miaka ya 1920, na ina msikiti wake wa Riyadha, jina lile lile la msikiti wa Lamu.

Kila mafuta yanapopanda bei duniani, magazeti hujaa habari za visima, meli na marais. Kinachosahauliwa ni sufuria. Kenya imefanya kazi kubwa ya kuacha mafuta katika kuzalisha umeme, na inastahili sifa. Lakini katika mitaa kama Ziwani, mahali ambapo familia hupika, huoga na kulala katika chumba kimoja au viwili, kuyaacha mafuta hakujawa na maana ya kupanda ngazi. Kwa wengi kumekuwa ni kurudi kwenye makaa. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyofika hapo.

Safari ya lita moja

Mafuta yote ya petroli, dizeli na ya taa yanayotumika Ziwani yameingilia Mombasa. Meli hushusha Kipevu, ambako gati jipya la mafuta lililojengwa baharini, lenye nafasi ya meli nne, lilifunguliwa mwaka 2022 kusaidia lile la zamani la mwaka 1963. Kutoka hapo mafuta husukumwa kwa bomba la kilomita 450 hadi Embakasi, Nairobi. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978. Jipya, lenye kipenyo cha inchi 20, lilikamilika 2018. Kutoka Embakasi hubebwa na malori hadi vituoni, na kutoka kituoni mafuta ya taa huishia kwenye pipa la pampu ya mkono nje ya duka la mtaa, yakipimwa kwa chupa.

Tarehe 14 ya kila mwezi, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa. Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa takriban shilingi 3 kwa lita, kwa kuwa sisi hatulipii usafiri wa bomba. Ndani ya bei hiyo kodi na tozo huchukua zaidi ya theluthi: ushuru wa bidhaa, VAT, tozo ya barabara iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwezi Julai 2024, tozo ya maendeleo ya petroli iliyopanda kutoka senti 40 hadi shilingi 5.40 mwaka 2020, na nyinginezo. Kwa hiyo mtu akisema bei imepanda kwa sababu ya Waarabu, amesema nusu tu ya habari.

Zamani mafuta yaliletwa ghafi na kusafishwa Changamwe. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1963 na kikasimamisha usafishaji Septemba 2013. Kampuni ya Essar kutoka India, iliyokuwa imenunua nusu ya hisa mwaka 2009 kutoka kwa Shell, BP na Chevron, iliamua kuwa mtambo umechakaa na kuukarabati hakulipi, ikajiondoa. Vijana wengi wa Changamwe na Port Reitz walijifunza ufundi pale. Siku hizi matangi ya kiwanda ni ghala tu chini ya kampuni ya bomba, na nchi hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Tangu 2023 ununuzi huo hufanywa kwa mkataba wa serikali kwa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Mkataba ulifungwa wakati dola zimeadimika, na ukaipa Kenya muda wa siku 180 kulipa. Maana yake ni kwamba stovu ya Ziwani imefungwa kamba na mlangobahari wa Hormuz, mahali panapopita takriban sehemu moja katika tano ya mafuta yanayotumika duniani. Pakitikisika Hormuz, wiki chache baadaye tarehe 14 huja na habari yake.

Je, mafuta yanakwisha?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri kuwa uchimbaji wa mafuta nchini mwake ungefika kilele karibu na 1970 kisha ushuke. Ulishuka kweli, kuanzia 1970. Watu wakadhani kazi imekwisha. Halafu zikaja mbinu za kuvunja miamba kwa maji yenye shinikizo kubwa, na leo Marekani ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba. Dunia nzima hutumia takriban mapipa milioni 100 kwa siku.

Jamaa zetu walioko Oman wameona sura nyingine ya jambo hilo hilo. Oman ilikuwa ikitoa karibu mapipa milioni moja kwa siku mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kufikia 2007 ilishuka hadi takriban mapipa 710,000. Ikalazimika kutumia njia za gharama kubwa ili kuyatoa mafuta mazito yaliyobaki chini, na uzalishaji ukapanda tena. Katika eneo la Amal, kusini mwa nchi, umejengwa mradi unaoitwa Miraah, wa vioo vinavyokusanya joto la jua na kuchemsha maji. Mvuke wake husukumwa ardhini kulainisha mafuta. Jua linatumika kuchimbua mafuta! Sijaona mfano ulio wazi kuliko huo wa kueleza hali ilivyo. Kinachokwisha kwanza ni mafuta rahisi, na yanayofuata huja kwa gharama. Nchi inayochimba inaweza kuibeba gharama hiyo. Nchi inayonunua huipitisha kwa mwenye chupa ya plastiki dukani.

Na Kenya ni mnunuzi. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwezi Machi 2012 katika kisima cha Ngamia-1. Kuanzia Juni 2018 malori yakaanza kuyaleta Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikauzwa nje kwa dola milioni 12. Wengi waliona bendera zikipeperushwa bandarini siku ile. Lile lilikuwa jaribio, na kampuni ya Tullow iliyogundua mafuta hayo baadaye iliuza hisa zake na kuondoka. Hata yakichimbwa kwa wingi, hatuna tena mtambo wa kuyasafisha, kwa hiyo yataondoka ghafi na kurudi kama petroli kwa bei ya soko.

Mwaka 1973 na mambo mawili yaliyozaliwa

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, pipa lililokuwa kama dola 3 lilifika karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakaleta pigo la pili. Kenya ilipata hasara kubwa, lakini katika shida ile yalitoka mambo mawili ambayo mpaka leo yanatusaidia.

La kwanza ni Olkaria. Uchimbaji wa mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, ulipata nguvu mpya baada ya mafuta kupanda. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kutoa umeme mwaka 1981.

La pili lilizaliwa hatua chache kutoka Ziwani. Agosti 1981 Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Kipindi hicho hicho wataalamu na mafundi wa jua kali walikuwa wakitafuta namna ya kuboresha jiko la bati la kawaida, ambalo nusu ya joto lake huishia hewani. Wakachukua wazo la jiko la ndoo la Thailand lenye udongo ndani, wakaliunganisha na umbo la jiko la bati la hapa, na mafundi wa Shauri Moyo wakalitengeneza. Ndilo jiko la kauri lenye kiuno chembamba ambalo sasa liko kila pahali, kutoka Kisumu hadi Kisauni, na limeigwa katika nchi nyingi za Afrika. Hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi. Halina waya wala namba ya siri, na fundi wa Kamukunji bado hulikunja kwa nyundo mbele ya mteja. Ukiniuliza ni teknolojia gani ya nishati iliyowafaa watu wa Eastlands kuliko zote katika miaka hamsini, nitalitaja hilo kabla ya paneli yoyote ya sola.

Umeme: hapa tumefanikiwa, na bado tunalipia dizeli

Umeme wa nchi hii una historia ya pwani. Jenereta ambayo Seyyid Barghash wa Zanzibar aliinunua mwaka 1875 kuangazia kasri lake ilikuja kununuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ndiyo ikawa mwanzo wa kampuni ya umeme ya Mombasa. Kwa miongo mingi baadaye Pwani iliendeshwa na mitambo ya mafuta ya Kipevu.

Leo takriban sehemu 9 kati ya 10 za umeme wa gridi ya Kenya hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta. Mvuke wa ardhini umezidi megawati 900. Mashamba ya upepo ya Loiyangalani yana mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Garissa kuna sola ya takriban megawati 50, na hapa kwetu Langobaya, Malindi, kuna nyingine ya megawati 40 tangu mwishoni mwa 2021. Zaidi ya hayo kuna mabwawa ya mto Tana, na umeme unaonunuliwa Ethiopia. Nchi chache sana duniani zinaweza kusema hivyo.

Kwa nini basi mtu wa Ziwani akinunua tokeni huona tozo ya mafuta kwenye ujumbe wa simu? Kwa sababu jioni, watu wote wanapowasha taa na televisheni, na jua limekwisha kuzama, mitambo ya dizeli ya Kipevu na Rabai huitwa kuziba pengo. Mabwawa yakikauka huitwa zaidi. Gharama ya mafuta hayo hugawanywa kwa kila uniti inayouzwa nchini, na juu yake kuna marekebisho ya thamani ya shilingi, kwa kuwa mikataba mingi ya kuzalisha umeme ni ya fedha za kigeni. Upepo wa Turkana ni wa bure, lakini hulipiwa kwa yuro.

Pamoja na hayo, katika mwanga kazi imekwisha. Sensa ya 2019 ilionyesha nusu ya kaya nchini zikitumia umeme wa gridi kuwasha taa, na karibu moja katika tano zikitumia sola. Kandili na koroboi zimebaki mapambo na kumbukumbu ya macho kuwasha kwa moshi. Mafuta ya taa yalibaki na jina hilo tu, kwani kazi yake mijini ilikuwa imehamia jikoni.

Jikoni, mahali mambo yalipokwama

Sensa ile ile ilikuta asilimia 55 ya kaya za Kenya zikipika kwa kuni, karibu 24 kwa gesi, karibu 12 kwa makaa na karibu 8 kwa mafuta ya taa. Kuni ni za mashambani. Katika mitaa ya Nairobi ushindani ulikuwa kati ya stovu ya mafuta, jiko la makaa na mtungi wa gesi.

Stovu ilikuwa na kasoro zake zote tunazozijua: harufu inayoingia kwenye wali, moto unaolipuka mafuta yakichanganywa, mtoto anayekunywa akidhani ni soda. Lakini ilikuwa na fadhila moja kubwa. Mafuta yaliuzwa kwa kipimo cha mfuko wa siku. Ukiwa na shilingi 20 ulipata mafuta ya shilingi 20, na chai ikachemka. Nairobi wanaliita jambo hili kadogo, na ndilo linaloendesha maisha ya kibarua anayelipwa jioni.

Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wafanyabiashara walichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa nafuu, na dizeli, wakaharibu injini za watu na kuikosesha serikali kodi. Bei ya lita ikaruka kutoka takriban shilingi 85 hadi zaidi ya 100 kwa mkupuo. Uchanganyaji ulipungua. Lakini aliyekuwa akichanganya dizeli hakuwa mama wa chumba kimoja Eastlands, na yeye ndiye aliyelipa.

Kisha ikaja 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha pipa hadi juu ya dola 120. Ruzuku ya serikali iliizuia bei kwa muda. Septemba mwaka huo serikali mpya ikapunguza ruzuku hiyo, na mafuta ya taa Nairobi yakapanda usiku mmoja kutoka shilingi 127.94 hadi 147.94. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2023, VAT ya mafuta ikiwa imeshapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, yalifika shilingi 202.61. Hebu tupige hesabu ya kadogo. Shilingi 20 ambayo Agosti 2022 ilinunua mililita 156, Septemba 2023 ilinunua mililita 99. Hazichemshi maharagwe.

Wakati mafuta ya taa yanafukuzwa, gesi ilipaswa kukaribishwa. Lakini mwenye kukaribisha alikuwa akifungua mlango na kuufunga. VAT ya gesi iliondolewa mwaka 2016, ikarudishwa asilimia 16 Julai 2021, ikashushwa hadi 8 Julai 2022, ikaondolewa tena Julai 2023. Mwaka 2022 kujaza mtungi wa kilo 13 kulizidi shilingi 3,000. Mpango wa serikali wa kugawa mitungi ya kilo 6 kwa bei nafuu kwa watu wa kipato cha chini, uliotangazwa kwa kishindo, ulikwama baada ya makumi ya maelfu ya mitungi kugunduliwa kuwa na kasoro. Gesi yenyewe, tukumbuke, nayo ni zao la petroli. Hushuka Mombasa, kwenye matangi ya Miritini, na hupanda na kushuka pamoja na mafuta. Ni safi kuliko makaa, bila shaka. Kuiita nishati mbadala wa mafuta ni kujidanganya.

Na ina hatari zake pale usimamizi unapolegea. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kituo cha kujaza gesi kilichokuwa kikiendeshwa bila kibali kililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Eastlands haikuwa imesahau Sinai, ambako Septemba 12, 2011 mafuta yaliyovuja kutoka bombani yaliingia kwenye mtaro, watu wakakimbilia kuyachota, na moto ukaua zaidi ya 100. Watu wale hawakuwa wajinga. Waliona nishati ya thamani ikipita mlangoni bure.

Tatizo kubwa la gesi kwa mtaa kama Ziwani si hatari hata hivyo. Ni kipimo. Mtungi hauuzwi wa shilingi 20. Lazima uwe na mamia au maelfu kwa pamoja, siku ambayo umeisha, na hukuchagua siku hiyo. Pesa ikikosekana, jiko la makaa liko chini ya kitanda na mkebe wa makaa uko kwa mama wa kona. Ndiyo maana nyumba nyingi zina mtungi na jiko pamoja: gesi ya chai ya asubuhi, makaa ya maharagwe. Mtafiti akiuliza "mnatumia nini?" atajibiwa gesi, kwa heshima, na ataandika gesi.

Makaa nayo yamekuwa na mkasa wake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa. Bei ikapanda miezi michache kabla ya mafuta ya taa kutozwa shilingi 18. Mtu wa Ziwani alibanwa pande mbili mwaka mmoja. Marufuku ya misitu iliondolewa 2023. Na makaa yakichomwa ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi ya Julai ya Nairobi ambayo sisi wa pwani hatuijui, gesi yake isiyo na harufu huua watu usingizini. Jiko litolewe nje au dirisha liachwe wazi. Hili halina mjadala.

Wapo waliolielewa suala la kipimo. Huduma ya M-Gas ilileta mtungi wenye mita, mteja akalipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni ya Koko ilianza Nairobi mwaka 2019 kuuza ethanoli kwa mashine zilizowekwa madukani, unajaza ya pesa uliyonayo, na ikapata wateja wengi sana mitaani kwa sababu hiyo hasa. Lakini bei yake nafuu ilishikiliwa na mauzo ya hati za kaboni ng'ambo. Mpishi wa Eastlands akawa ametoka kwenye soko la mafuta la Ghuba akaingia kwenye soko la hewa la Ulaya, na yote mawili hayamjui.

Sufuria ya umeme

Inabaki nishati moja ambayo tayari inauzwa kadogo, tayari imefika chumbani, na sehemu kubwa yake haitokani na mafuta: umeme wa tokeni. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja. Kampuni ya umeme yenyewe imekuwa ikiinadi kwa kampeni ya Pika na Power. Kwa maharagwe, pure, nyama na mchele, ukilinganisha na makaa, hesabu mara nyingi huipendelea sufuria hii. Kwa chapati na mahamri haifai kitu, na mtaa wa Waswahili usiokaanga mahamri bado sijauona.

Vikwazo ni vitatu hivi. Sufuria yenyewe hununuliwa kwa maelfu ya shilingi. Umeme hukatika, na tangu usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia gizani hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukakosa taa, kila mtu anajua gridi inaweza kuanguka yote. Cha tatu ndicho kinachonikera. Aprili 2023 kiwango cha matumizi kinachopewa bei ya nafuu kilishushwa kutoka uniti 100 hadi 30 kwa mwezi. Anayepika kwa uniti moja tu kwa siku amezimaliza 30 kabla hajawasha taa. Na pale mita moja inapotumiwa na vyumba kadhaa, unafuu huo haumfikii mtu yeyote. Serikali inasema pikeni kwa umeme, na daftari la bei linasema msithubutu.

Barabarani mageuzi yanakwenda upesi kidogo. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza Nairobi mwaka 2022 kwa magari mawili ya majaribio, na pikipiki za betri zinaonekana kila wiki zaidi. Mwenye gari hufanya hesabu ya dizeli kila jioni, akiona faida hubadilisha. Anao mkopo, anao ushirika. Mpishi hana.

Kwa nini Pwani ifuatilie mambo ya Eastlands

Kwa sababu mahitaji ya Nairobi ndiyo huamua nini kijengwe kwetu. Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050 pale Kwasasi, ulipangwa kwa hoja kwamba bara linahitaji umeme mwingi wa bei nafuu. Wavuvi na wakazi wa Lamu walipinga kwa miaka, na Juni 26, 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta kibali chake kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kama mtambo ule ungejengwa, makaa yake ya mawe yangeletwa kwa meli, na tungekuwa na Kipevu ya pili yenye moshi zaidi.

Na kwa sababu hali ya Ziwani ndiyo ya Majengo ya Mvita, ya Kisauni, ya Bombolulu. Mpika viazi karai wa Mwembe Tayari anashindana na bei zile zile, isipokuwa analipa shilingi 3 pungufu kwa lita, na baridi haimlazimishi kufunga mlango.

Ziwani ina jambo moja la pekee kwa wakati huu. Ni miongoni mwa mitaa ya zamani ambayo kwa miaka sasa imetajwa katika mipango ya kubomoa na kujenga upya kwa maghorofa. Shule jirani ya Starehe ilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Maghorofa haya yatamkuta mpishi aliyezoea kutoa jiko nje. Orofa ya nane haina nje. Hapo makaa yatakuwa marufuku au yatakuwa kaburi, mafuta ya taa hayapo tena, na mtungi utapandishwa ngazi mgongoni.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kwenye vikao vya maoni ya umma, ambavyo sheria inalazimisha vifanyike, ni ya kifundi na yana majibu ya ndiyo au hapana. Je, kila nyumba itakuwa na mita yake? Je, waya wa jikoni utabeba jiko la umeme au taa na simu tu? Je, kuna bomba la gesi lenye mita ya kila nyumba, na chumba cha mitungi kilicho mbali na ngazi? Je, paneli za juu ya paa zitapunguza bili ya wapangaji au zitawasha taa za ngazi peke yake? Mkandarasi huyajibu hayo kwenye mchoro wa umeme, na mchoro huo mkazi ana haki ya kuomba auone.